Baba Yangu Hakuzaliwa

Miaka mitatu nilikuwa nalala na kuamka na neno moja: udhamini. Fundi wa kuchomelea kama mimi, mwenye kibanda cha mabati pale Manyamanyama, hawezi kujipandia ndege akafika Uingereza akasema nimekuja kazini. Lazima kampuni ya kule imtake kwanza, iiandikie serikali yao kwamba huyu mtu tunamdhamini, ndipo viza itoke. Basi nikatuma maombi. Weee, nilituma! Kampuni za matrela, za matangi ya maziwa, za mageti ya mashamba. Nyingi hazikujibu. Zilizojibu ziliandika sentensi moja, utafikiri walikaa kikao wakaitunga pamoja: nafasi ipo, lakini hatudhamini.

Nina hasira za karibu, wanaonijua Bunda watakwambia. Kila barua kama hiyo ikiingia kwenye simu, siku hiyo mteja asinisogelee. Kuna mama mmoja nilimwambia aende akachomelewe geti lake na mbunge. Maskini, hakuwa na kosa. Alikuwa ameuliza tu litakuwa tayari lini.

Na sikuwa natafuta makuu. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na macho yameanza kuniuma. Ukichomelea kwa miwani ya bei rahisi miaka kumi na mitatu, jioni unaona kama mtu amekumwagia mchanga ndani ya kope. Umeme unakatika, vyuma vinapanda, mteja anataka geti la maua kwa bei ya geti la mbuzi. Nilitaka mahali ambapo fundi anapewa kofia nzima ya kuchomelea na hewa safi ya kuvuta, kazi ikiisha anaoga anaenda nyumbani. Nilikuwa nimeona kwenye video. Nilitaka hilo tu, na nililitaka kwa uchu ambao sasa hivi naona aibu kuusema.

Bibi yangu, anayekaa Butiama na mama, nilipomweleza mara ya kwanza kwamba natafuta mdhamini, aliacha kupepeta ulezi.

"Umeiba nini?" akaniuliza.

"Sijaiba kitu, bibi."

"Sasa mdhamini wa nini? Mdhamini si yule wa polisi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kwa bibi, mdhamini alikuwa mtu mmoja tu: yule anayekuja kituoni na barua ya mtendaji kukutoa ndani. Nikamweleza kwamba huyu wangu atanitoa Tanzania. Akasema, "Aa, basi umeiba kikubwa," akaendelea kupepeta.

Hapo lazima niwaeleze wanawake hawa wawili ni nani, kwa sababu yote yaliyotokea yalitokea kwa sababu yao, na mimi ndiye niliyeyafanya.

Bibi alizaa mabinti watupu. Wote wakaolewa, babu akafariki, akabaki na mji mkubwa, yaani boma lote, ng'ombe wa mahari za binti zake, na hakuna mwana wa kiume. Kwa watu wa Mara hilo lina dawa. Mwanamke kama huyo anatoa ng'ombe wake mwenyewe, anaoa msichana, anamleta nyumbani kwake. Tunaiita nyumba ntobhu. Wengine siku hizi wanaisema kwa kificho, wengine wanaipiga vita, na wana sababu zao, maana wapo mabinti waliotolewa wadogo na kuteswa. Mama yangu hakuwa mdogo na hakuteswa. Kwa mpango wa bibi, mama hakuolewa na bibi hasa. Aliolewa na mwana wa bibi. Yule mwana ambaye bibi hakumzaa.

Na alikuwa na jina, mwana huyo. Bibi alimpa jina la baba mkwe wake, kama ambavyo angempa kweli. Alimjengea nyumba ndani ya mji, upande wa kushoto wa zizi, na mama akaingia humo kama mke wa mwenye nyumba. Watoto waliozaliwa humo, mimi na dada yangu aliyefariki mdogo, tulikuwa watoto wake. Mwanaume aliyemsaidia mama kutupata alikuwa mtu wa Suguti, alikuja, akala, akaondoka, hakuna aliyemtafuta. Hiyo ndiyo desturi. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza bibi baba yuko wapi, alikuwa ananijibu bila hata kunitazama: "Hajaja." Nikaridhika. Shuleni darasa letu tulikuwa watatu wa namna hiyo. Mwalimu, mtu wa huku huku, aliandika jina la baba kwenye rejista kama nilivyolitaja na hakuuliza kitu.

Nilikuja kukihitaji cheti cha kuzaliwa ukubwani, kwa ajili ya pasipoti. Bibi akaitwa kula kiapo kwamba mimi ni mtoto wa mwanawe. Akatia dole gumba kwa raha zake zote. Jina la yule mwana likachapwa kwenye cheti cha serikali, na muhuri juu. Bibi aliomba akishike, akalipitishia kidole jina lile ingawa hajui kusoma. Siku hiyo alichinja.

Sasa kampuni. Ilikuwa ndogo, ya kutengeneza matangi, kaskazini mwa Uingereza, na tangazo lao lilisema wazi kwamba wanadhamini. Nikawatumia video za mishono yangu ya vyuma, wakataka nyingine za bomba, nikachomelea bomba nikiwa nimejirekodi na simu iliyofungwa kwenye ngazi. Wakapenda. Aisee, wakapenda! Msimamizi wao wa karakana aliandika kwamba mshono wangu wa chini kwenda juu ni safi kuliko wa vijana wake. Nilisoma hiyo barua mpaka nikaijua kwa moyo. Wakanitumia fomu ya kujaza kwenye mtandao, halafu yatakuwepo mahojiano, na yakienda sawa watanitolea cheti cha udhamini.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha baba: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa. Jina nikaandika. Tarehe nikaiacha wazi. Kisanduku kikawa chekundu, fomu ikakataa kwenda mbele. Nikajaribu kistari. Ikakataa. Nikajaribu sifuri. Ikakataa. Nilikaa pale na simu mkononi, grenda ya jirani inapiga kelele, nikafikiri: bibi alimzaa binti yake wa mwisho mwaka fulani, mwana angefuata baada ya miaka miwili. Nikaandika mwaka huo. Mahali: Butiama. Kisanduku kikawa cha kijani.

Sikuona kwamba nimedanganya. Nataka hili lieleweke. Mtu mwingine angesema nilighushi. Mimi nilikuwa nafanya kile ambacho kwetu hufanywa: bibi alikuwa ameacha nafasi ya mtu, mimi nikaijaza vizuri zaidi.

Mahojiano yalikuwa ya video, mchana, ndani ya chumba cha rafiki yangu anayetengeneza simu, kwa sababu mtandao wake una nguvu. Walikuwa wawili: yule msimamizi, mtu wa kucheka, na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi aliyevaa miwani kwenye kamba. Msimamizi akauliza ya vyuma, nikajibu yote. Yule mama akasema ana maswali machache ya kuhakiki nyaraka tu. Akauliza kama wazazi wangu wako hai.

"Mama yupo," nikasema.

"Na baba?"

"Hapana."

"Pole sana. Alifariki lini?"

Jamani, ningesema mwaka wowote. Ningesema mwaka wa njaa, ningesema wa mvua nyingi, kazi ningekuwa nayo leo. Lakini baba yangu hakufa. Kwetu kumfisha mtu mzima mzima kwa mdomo wako, tena baba, tena yule ambaye bibi anamsubiri, ni kitu ambacho ulimi wangu ulikataa. Nikajikuta nasema kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba hakufariki.

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Hapana. Hakuzaliwa."

Msimamizi alicheka, akidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Yule mama hakucheka. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Halafu, mjinga mimi, nikaanza kueleza. Nikasema mama yangu ameolewa kwenye nyumba ya bibi yangu. Nikasema bibi ndiye aliyetoa ng'ombe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuandika, na kadiri alivyoandika ndivyo nilivyozidi kueleza. Mwisho akasema asante, tutawasiliana.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Waliandika kwa adabu. Walisema bado wananitaka, lakini hawawezi kumdhamini mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinataja baba, na fomu yake inataja tarehe ya kuzaliwa ya baba huyo, ambavyo mwenyewe amekiri si vya kweli. Nina siku kumi na nne. Nilete ama ushahidi kwamba baba huyo yupo au alikuwepo, ama kiapo cha mahakama kinachosahihisha, pamoja na maelezo ya familia.

Nikapanda gari kwenda Musoma kwa wakili. Mzee mmoja mpole, mwenyeji wa Nyegina, desturi anaijua kuliko mimi. Alisoma barua, akavua miwani.

"Kijana, huyu baba hatuwezi kumleta."

"Najua, mzee."

"Basi itabidi aliyeapa kwamba yupo, aape kwamba hayupo."

"Na wakishapata hicho kiapo watakubali?"

"Wakubali wasikubali, hilo mimi siwezi kukuahidi. Mimi naandika tu."

Nikafika Butiama nimeshaamua. Huo ndio ukweli. Sikwenda kuomba ushauri. Nilikwenda nimejipanga kama mtu anayekwenda kudai.

Mama ndiye niliyemwambia kwanza, akiwa anaparua furu, samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mgongo, kisu mkononi, magamba yamejaa mikononi.

"Mimi niliolewa na nani?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Nakuuliza. Kama huyo mtu hayupo, mimi miaka yote hii nimekaa hapa kama nani? Kijakazi wa bibi yako?"

"Ni karatasi ya kuwatuliza Wazungu!"

"Ile ya kwanza pia ilikuwa karatasi. Mbona ile ulichinjiwa?"

Nikapandisha hasira. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia kwamba yeye alichagua kuolewa na hewa, na mimi ndiye ninayelipa. Mama aliinama akaendelea na samaki wake, na mpaka leo, tukikaa wawili, nayasikia maneno yale yakiwa bado yamekaa katikati yetu.

Bibi hakuhitaji kubembelezwa. Nilimkuta anaota jua, nikamsalimia, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia kuna kiapo kinatakiwa Musoma ili nipate yule mdhamini. Akauliza swali moja tu: "Bila hicho huendi?"

"Bila hicho siendi, bibi."

"Basi twende."

Tulikodi gari la jirani. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu ambavyo hajawahi kuvivaa zaidi ya saa moja. Njiani aliniuliza huko Uingereza nani atanipikia, na kama kuna watu wanaochunga ng'ombe. Nikamwambia wapo. Akaridhika. Nilitazama nje dirishani muda wote uliobaki.

Ofisini kwa wakili nilitaka mambo yaende haraka. Karatasi ilikuwa tayari mezani, kidau cha wino wazi. Nikamshika bibi mkono kumwelekeza. Akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Nisomeeni," akasema.

Wakili akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Akasoma kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyopaswa: kwamba yeye, mjane, mkazi wa Butiama, hajawahi kupata mtoto wa kiume, kwamba mtu aliyetajwa kama baba wa mwombaji hajawahi kuwepo, na kwamba maelezo aliyoyatoa awali hayakuwa ya kweli.

Kiswahili cha bibi ni cha sokoni. Akanigeukia. "Nisomee vile amesema. Kwa chetu."

Nikamtafsiria. La kwanza nililisema. La tatu nililisema. Lile la katikati nililizunguka, nikasema eti mwana wake hayupo kwenye vitabu vya serikali. Wakili wangu, ambaye ni mtu wa huku na anasikia kila neno, alikohoa. Akasema kwa upole, "Kijana, nikigonga muhuri, nagonga kwamba ameelewa."

Basi nikalisema. Nikamwambia bibi yangu, kwa lugha aliyonilea nayo, kwamba mwanawe hajawahi kuwepo. Kwa lugha yetu maneno hayo yanatoka kama tusi, na nilimtukana mbele ya mtu.

Nje watu walikuwa wanabishania bei ya dagaa. Kisha bibi akauliza, "Ni nani amesema hivyo? Hawa wa huko, au ni wewe?"

Ningeweza kusema ni wa huko. Nikasema, "Ni mimi, bibi."

"Haya."

Dole gumba lake limesagika kwa jiwe la kusagia, halina mistari. Wakili alilifuta akarudia mara tatu ndipo alama ikakubali kukaa. Wakati wa kurudi sikumsikia bibi akiuliza habari za Uingereza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilipiga picha ile karatasi nikaituma kabla hatujatoka mjini.

Jibu lilichukua wiki mbili na siku moja. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga grili ya duka, simu ikaita mlio wa barua pepe, nikaisoma hapo hapo juu. Walishukuru kwa ushirikiano wangu. Walisema sasa wanazo nyaraka mbili za kiapo, zimetolewa na mtu mmoja, kwa dole moja, zinazopingana, na kwamba kwa masharti ya leseni yao hawawezi kuidhinisha udhamini ambao uaminifu wa nyaraka zake una shaka. Wananitakia kila la heri. Msimamizi wa karakana aliandika yake pembeni, mistari miwili, kwamba amesikitika na kwamba mishono yangu ni mizuri.

Nilishuka. Sikumtukana mtu siku hiyo. Nilikaa chini kwenye vumbi la vyuma kama nimemwagiwa maji. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikaa mwezi mzima bila kwenda Butiama. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilimpigia mama, tukaongea habari za mvua. Jumapili moja nikajikaza nikaenda, nimebeba sukari, sabuni na dawa ya miguu ya bibi.

Bibi alikuwa uani. Msije mkadhani yaliyofuata ni uzee. Muda huo huo alikuwa anamkumbusha mama ni mbuzi yupi hajarudi, wa nani, na ana alama gani sikioni. Aliponiona aliinuka. Bibi yangu hainukigi kwa ajili yangu. Mimi ndiye huingia, nikafunua masufuria, nikala nilichokikuta. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti, kile cha mgongo ambacho hukalia padri akija, akakifuta kwa khanga.

"Karibuni," akasema. "Mkae. Mmetoka salama?"

Nikageuka kuona nimekuja na nani. Nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Poleni na safari."

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Hakuwa anatania. Akamwambia mama akamate kuku. Nikasema jamani kuku wa nini, mimi nitakula ugali na chochote kilichopo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtu hafiki kwa watu akaondoka hivi hivi."

"Bibi, mimi ni wa hapa."

Alikaa kwenye jiwe lake, akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Nilikuwa na mwana, na wewe ukawa mtoto wake," akasema. "Sasa mwana nimemwondoa. Nimetia dole. Nimekaa najiuliza wewe nikuite nani, sijapata. Mimi siongopi mara mbili."

Nilimwambia kazi haikupatikana. Nilimwambia tutarudi Musoma, tutakifuta kile kiapo, tutaandika kingine, kuna utaratibu. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Akatikisa kichwa pole pole. Alisema pole kwa kazi. Alisema Mungu atafungua kwingine. Mama alikuwa mlangoni mwa nyumba yake ya kushoto mwa zizi, kuku kwapani, na sikuwa na haki ya kumwomba anisaidie.

Kuku aliletwa kwangu peke yangu, kwenye kimeza, na maji ya kunawa nikamiminiwa. Wao walikula jikoni. Nilikula. Ningefanya nini?

Jua lilipoanza kushuka, bibi akauliza kama usafiri wa Bunda bado upo. Nikasema upo. Nikaaga. Na yeye, na miguu ile iliyovimba, akachukua fimbo yake akanisindikiza. Nilimwomba abaki, akakataa. Tulitembea kile kinjia hatua kwa hatua mpaka barabara kubwa, akasimama nami mpaka gari likaja. Alinipa mkono, wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Asanteni kuja," akasema. "Mkifika, wasalimieni kwenu."